Usanifu wa Mifumo ya Afya Hupimwa Mezani pa Muuguzi

Mwisho wa mwezi unapofika katika zahanati za Karagwe na Kyerwa, kazi ya kuhudumia wagonjwa haipungui, ila kazi nyingine huongezeka juu yake. Muuguzi hufungua vitabu vya MTUHA kimoja baada ya kingine: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 12 cha wodi ya wazazi. Huhesabu mistari, hujumlisha, hujaza fomu ya mwezi, kisha huifikisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya ili takwimu ziingizwe katika mfumo wa taifa wa DHIS2. Hiyo ni ripoti moja tu. Dawa zina ripoti na maombi yake. Huduma za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI zina kadi na mfumo wake. Chanjo ina rejesta yake, bima ina fomu zake za madai, na fedha za kituo zina mfumo wake wa mahesabu. Mama mmoja aliyefika asubuhi akiwa mjamzito, akapimwa malaria, akapewa dawa na kukatiwa madai ya bima, huandikwa mara nne au tano, na mara nyingi anayemwandika ni mtu yuleyule.

Hali hii haikuletwa na uzembe wa mtu yeyote. Kila mfumo ulianzishwa kwa sababu njema, na kila mmoja ukiutazama peke yake una mantiki. Kinachokosekana ni mpangilio wa jumla unaoonyesha mfumo upi unafanya nini, taarifa ipi inaandikwa wapi mara moja tu, na nani anaruhusiwa kuisoma. Mpangilio huo ndio unaoitwa usanifu wa mifumo ya taasisi. Wazo lenyewe lilipata umbo katika kazi za Mmarekani John Zachman mwaka 1987, kisha likaenea katika mabenki, serikali na hatimaye sekta ya afya.

Njia rahisi ya kuuelewa usanifu huu ni kuutofautisha na mchoro wa nyumba. Mchoro wa nyumba humhusu mwenye nyumba na fundi wake. Usanifu wa mifumo unafanana zaidi na ramani ya mipango miji: huonyesha barabara zipite wapi, maji yatoke wapi, viwanja vipewe namba gani. Haumwambii mtu apake ukuta rangi gani, lakini humkataza kujenga katikati ya barabara. Mji mdogo kama Kayanga au Omurushaka unaweza kukua muda mrefu bila ramani, hadi siku gari la wagonjwa linapokosa pa kupita.

Tanzania haijakosa ramani hiyo. MTUHA ilisambazwa nchini kuanzia mwaka 1993 ili kuunganisha taarifa zilizokuwa zikikusanywa na kila mradi kivyake. Katika miaka ya 2010 DHIS2 ikaenea nchi nzima. Wizara ya Afya na wadau wake wakaandaa mwongozo wa uwekezaji wa mwaka 2017 hadi 2023 wenye maeneo 17 ya kuboresha taarifa za afya, ukafuatwa na Mkakati wa Taifa wa Afya ya Kidijitali wa 2019–2024. Mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Serikali Mtandao. Rejista ya Vituo vya Kutolea Huduma za Afya imeanzishwa, na kiunganishi cha kupitisha taarifa kati ya mifumo kimejengwa. Kwa hiyo si sahihi kuuliza kwa nini nchi haina mchoro. La kuuliza ni kwa nini mchoro mzuri huchelewa kuonekana katika zahanati ya kijijini, na ni nini kinachoamua kama utafika huko au utabaki kabatini.

Jibu linalotetewa hapa ni fupi. Programu ya usanifu hufanikiwa pale inapomwondolea mzigo mtu anayeandika taarifa na kumrudishia kitu cha kumsaidia kazini. Hushindwa pale inapomwongezea mzigo huo kwa manufaa ya mtu mwingine aliye mbali. Mengine yote, yaani ubora wa programu, wingi wa kompyuta na uzuri wa michoro, huja baada ya hapo.

Somo la wilaya iliyogawanywa

Karagwe na Kyerwa zenyewe zinatoa mfano ulio wazi. Mwaka 2012 Wilaya ya Karagwe iligawanywa, ikazaliwa Wilaya ya Kyerwa. Mwaka huohuo Chato ilitolewa mkoani Kagera na kuingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Zahanati iliyokuwa ikiripoti Kayanga ikajikuta chini ya halmashauri nyingine bila kuhama hata hatua moja. Kuta zilikuwa zilezile, wagonjwa walewale, muuguzi yuleyule. Kilichobadilika ni mahali pake katika orodha.

Hapo ndipo thamani ya usanifu inapojitokeza. Ikiwa orodha ya vituo iko katika mfumo mmoja na mifumo mingine yote inaisoma kutoka huko, badiliko hufanywa mara moja. Ikiwa mfumo wa takwimu una orodha yake, mfumo wa dawa una yake, bima ina yake na kila mradi una yake, badiliko lilelile hufanywa mara nyingi na watu wengi kwa tarehe tofauti. Katika kipindi hicho cha kati, dawa zinaweza kuhesabiwa wilaya moja na wagonjwa wakahesabiwa wilaya nyingine. Mtu anayelinganisha hesabu hizo mbili ataona upungufu usiokuwapo, au atakosa kuona upungufu uliopo.

Jambo hilohilo humgusa mgonjwa. Namba ya mteja wa kliniki ya tiba na matunzo, CTC, hujengwa kwa tarakimu za mkoa, wilaya, kituo na za mteja mwenyewe. Ilikuwa busara ya wakati wake: anayeiona anajua mara moja mteja alikoandikishwa. Lakini namba inayobeba jina la mahali huzeeka mahali panapobadilika, au mteja anapohama. Ndiyo maana wasanifu wa mifumo husisitiza kwamba namba ya utambulisho isibebe maana yoyote ndani yake. Imtambulishe mtu tu, na habari za makazi na kituo zikae pembeni, zirekebishwe inapohitajika. Kanuni hiyo huonekana kama jambo la mafundi wa kompyuta, lakini gharama ya kuipuuza hulipwa dirishani, ambapo mteja aliyehamia mji mwingine hulazimika kueleza upya maisha yake yote mbele ya foleni.

Majirani wawili na taifa la mbali

Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na nchi zote mbili zina la kufundisha. Januari 2012 Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Afya wa Uganda alisimamisha miradi ya majaribio ya afya ya kidijitali ambayo haikuwa na idhini ya Wizara. Miradi ilikuwa imekuwa mingi, kila mmoja na simu zake na fomu zake, na haikuzungumza wala na mingine wala na mfumo wa serikali. Uamuzi ule haukupendwa na wote, lakini ulionyesha jambo ambalo mchoro peke yake hauwezi kulifanya: lazima awepo mwenye mamlaka ya kusema hapana, hata kwa mfadhili mwenye nia njema na fedha mkononi. Ramani ya mji isiyo na wa kuisimamia haizuii mtu kujenga barabarani.

Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, ilichukua njia nyingine katika miaka hiyohiyo. Ilibuni usanifu wa mifumo ya afya wa taifa, lakini haikuanza na taifa zima. Ilianza na wilaya moja, Rwamagana, na huduma moja, afya ya mama mjamzito. Vipande vyake vya msingi vilikuwa vichache: orodha ya wateja, orodha ya vituo, orodha ya watoa huduma, na kiunganishi cha kupokea ujumbe na kuupeleka panapostahili. Kazi ile ilichangia kuzaa OpenHIE, jumuiya ya kimataifa ambayo muundo wake unafuatwa na nchi nyingi, Tanzania ikiwamo. Haba na haba hujaza kibaba, ilimradi kibaba chenyewe kijulikane tangu mwanzo.

Uingereza ilifanya kinyume. Mwaka 2002 ilianzisha programu ya kitaifa ya kuziwekea hospitali zake zote mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa. Mikataba mikubwa ilisainiwa kwa haraka, maamuzi yakatoka makao makuu, na madaktari na wauguzi wengi wakakutana na mifumo ambayo hawakushirikishwa kuichagua. Septemba 2011 serikali ilitangaza kuivunja programu hiyo, ambayo gharama zake zote zilikadiriwa kufikia takriban pauni bilioni 10. Yaliyosalia na kuendelea kutumika ni yale ya pamoja: mtandao wa mawasiliano, kiini cha taarifa za utambulisho wa wagonjwa, na mfumo wa kutunza picha za eksirei. Kwa maneno mengine, barabara zilibaki; kilichoporomoka ni jaribio la kumjengea kila mtu nyumba asiyoichagua. Fedha hazikukosekana wala wataalamu hawakukosekana.

Anayelipa na anayenufaika

Mifano hii mitatu inaelekea mahali pamoja. Taarifa ya afya ina gharama, na gharama hiyo hulipwa kwa dakika za mtu fulani. Katika zahanati yenye watumishi wawili au watatu, dakika kumi za kuandika ni dakika kumi ambazo mama mwenye uchungu anasubiri. Kinachouma ni kwamba anayelipa dakika hizo mara nyingi si anayenufaika nazo. Takwimu hupanda wilayani, mkoani, Dodoma, na wakati mwingine hadi kwa mfadhili ng'ambo, lakini hazishuki. Muuguzi aliyezikusanya huziona tena siku ya usimamizi shirikishi, anapoulizwa kwa nini hesabu hailingani.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msanifu aliyekaa ofisini huona kishikwambi kama mwisho wa makaratasi. Muuguzi hukiona kama kitabu kimoja zaidi, kwa sababu vile vya zamani havijaondolewa. Mkaguzi anataka kuona rejesta, mradi unataka kuona kishikwambi, na bima inataka kuona fomu. Pale vyote vitatu vinapodaiwa kwa pamoja, kinachojazwa vizuri ni kile chenye mkaguzi mkali zaidi, na vingine hujazwa mwisho wa wiki kwa kukumbukia. Takwimu za namna hiyo zinaweza kufika kwa wakati na zikawa kamili kwa sura, huku zikiwa hazisemi kweli.

Kwa hiyo kipo kipimo rahisi ambacho halmashauri yoyote inaweza kukitumia kabla ya kukubali mfumo mpya. Mfumo huu utaondoa kitabu gani, na kuanzia tarehe gani? Utasoma orodha ya vituo na utambulisho wa wateja kutoka wapi, badala ya kuunda vyake? Na muuguzi atapata nini kutoka kwake ndani ya mwezi huohuo: orodha ya watoto waliokosa chanjo, majina ya wateja waliopitiliza tarehe ya kliniki, dawa zinazokaribia kwisha? Mfumo unaoshindwa kujibu maswali hayo haustahili kuingia zahanati, hata ukiletwa bure.

Kazi ya kuuliza maswali hayo ni ngumu kwa sababu mamlaka yenyewe yamegawanyika. Zahanati na vituo vya afya vya serikali viko chini ya halmashauri na Ofisi ya Rais – TAMISEMI, wakati sera, miongozo na hospitali za rufaa ziko chini ya Wizara ya Afya. Karagwe na Kyerwa huongeza sura ya tatu: mashirika ya dini. Hospitali ya Nyakahanga, mali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Dayosisi ya Karagwe, imetumika kwa miaka mingi kama hospitali teule ya wilaya. Mgonjwa anayetoka zahanati ya serikali kwenda hospitali ya kanisa na kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, au Bugando jijini Mwanza, hupita katika himaya kadhaa kwa safari moja. Usanifu unaoishia kwenye mpaka wa himaya moja humwacha njiani. Hakuna haja ya himaya hizo kutumia programu moja. Zinahitaji kukubaliana juu ya namba ya mteja, namba ya kituo, majina ya magonjwa na vipimo, na nani anawajibika taarifa ya rufaa isipofika.

Gharama ya kiungo kilichokatika

Kagera inafahamu kuliko mikoa mingi nini hutokea kiungo kinapokatika. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na tangu hapo huduma za muda mrefu, zinazohitaji kumbukumbu ya miaka mingi, zimekuwa sehemu ya maisha. Chukua mfano wa mama anayeishi karibu na mpaka wa Murongo na anayetumia ARV. Alianza kliniki ya wajawazito kijijini, akapelekwa rufaa akiwa na shinikizo la damu, akajifungulia mbali, kisha akaenda kupumzika kwa mama yake wilaya nyingine. Matokeo ya kipimo chake cha wingi wa virusi yako mahali pamoja, na sampuli ya mtoto iko mahali pengine. Daraja pekee kati ya hayo mawili ni kadi iliyo mkobani mwake. Kadi ikilowa mvua, mtoto anaweza kupitwa na wiki ambazo zilikuwa za thamani kuliko zote.

Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika Wilaya ya Bukoba. Watu 9 waliugua na 6 walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Januari 2025 ulitangazwa tena, safari hii Biharamulo, ambako wagonjwa wote 10 waliohesabiwa, 2 waliothibitishwa na 8 waliodhaniwa, walipoteza maisha. Dalili za mwanzo za ugonjwa huo hufanana na za malaria. Anayeshuku ni tabibu, anayethibitisha ni maabara, anayewatafuta waliogusana na mgonjwa ni timu ya wilaya pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kila saa inayopotea kati ya mikono hiyo ni saa ambayo mhudumu mwingine humgusa mgonjwa bila kinga inayotosha. Si mfumo wa kompyuta unaogundua mlipuko; ni macho ya tabibu. Lakini tabibu aliyezoea kwamba anachoandika hakimrudii mtu yeyote huacha kuandika yanayomtia shaka.

Hoja za wenye wasiwasi

Wapo wanaosema kwamba kuondoa vitabu ni hatari, kwa kuwa umeme hukatika na mtandao hupotea. Wana haki. Kifaa kikizimika, huduma haipaswi kusimama. Hata hivyo, karatasi ya dharura inayojazwa siku ya tatizo na kuingizwa baadaye ni tofauti na kitabu kinachojazwa kila siku sambamba na kompyuta. Ya kwanza ni akiba. Ya pili ni kazi ileile kufanywa mara mbili.

Wengine husema kikwazo kikubwa ni uhaba wa watumishi na vifaa, si usanifu. Uhaba huo ni wa kweli na hakuna mchoro unaouponya. Lakini hasa pale watumishi wanapokuwa wachache ndipo dakika zao zinapopaswa kutunzwa. Kuongeza vishikwambi bila kupanga mifumo ni kuongeza ndoo mahali penye bomba moja linalovuja.

Wasiwasi mzito zaidi ni wa wagonjwa wenyewe. Katika kijiji ambako kila mtu anamfahamu mwenzake, mifumo inayozungumza inaweza kugeuka mifumo inayosengenya. Mtu anayechukua ARV mbali na kwao kwa sababu ya faragha ana sababu zake, na usanifu usioziheshimu utamfukuza kliniki. Kuunganisha taarifa hakumaanishi kila mtumishi aone kila kitu. Maana yake sahihi ni kwamba anayemhudumia mgonjwa aone anachokihitaji kwa wakati huo, na kila aliyefungua kumbukumbu aache alama ya jina lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imempa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Haki hiyo inapaswa kuelezwa dirishani kwa Kiswahili chepesi, na inapobidi kwa Kinyambo, badala ya kubaki kwenye maandishi ya sheria.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Kutumia majina yaleyale kila kituo, kutunza kadi, na kuuliza taarifa ya rufaa imetumwa wapi ni mchango unaozidi thamani ya kompyuta nyingi. Kamati za usimamizi wa vituo, ambamo wananchi wana wajumbe, zinaweza kuuliza swali moja katika kila kikao: mfumo ulioletwa mwaka huu umeondoa kitabu gani?

Swali hilo halihitaji utaalamu wa kompyuta. Jibu lake litaonekana mwisho wa mwezi, kwenye meza ileile ya zahanati. Vitabu vikiwa vimepungua, na mbele ya muuguzi kukiwa na orodha fupi ya watoto wa kufuatiliwa kesho, usanifu umefika Karagwe na Kyerwa. Vitabu vikiwa vingi kuliko mwaka jana, bado uko Dodoma.